Nafuu kwa Mchukuzi

Mtu akishapita miaka sabini huanza kupima vitu kwa uzito kabla ya kuvipima kwa bei. Ndoo ya maji, mfuko wa unga, mjukuu aliyepitiwa na usingizi: kila kimoja hulijulia hali bega lako. Mimi nilijuliwa hali na kamera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na jibu la bega langu siku ile lilinitia aibu.

Nianze mbali kidogo. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na mpaka wa hifadhi hiyo. Watoto wetu walimjua tembo kwa nyayo zake katika mahindi na kwa madebe yaliyopigwa usiku kumfukuza. Kumwona ametulia, akijimwagia vumbi huku mwanawe akimwiga, hawakuwahi. Mgeni aliyetoka ng'ambo alimwona hivyo. Mtoto aliyezaliwa kilomita chache tu kutoka hapo hakumwona. Siku ya kuagwa kwangu niliahidi mbele ya wanafunzi mstarini kwamba nitawaletea picha. Ahadi ni deni, na ya mwalimu mkuu ni deni lenye mashahidi mia nne.

Mpwa wangu aliniazima kamera yake kubwa, yenye lenzi ya milimita 150 hadi 600. Lenzi peke yake ilikaribia kilo 2. Asubuhi hiyo tukamkuta chui amelala juu ya tawi, mkia unaning'inia. Dereva akazima gari, akaninong'oneza, "Mwalimu, yule pale." Niliinua ule mzigo, mikono ikatetemeka, nikaushusha ili nipumue. Nilipouinua tena tawi lilikuwa tupu. Picha tatu nilizorudi nazo zilikuwa za majani yaliyokorogeka kama uji.

Ndipo nikaenda Dar es Salaam kutafuta kamera ya kulingana na mikono yangu. Kijana wa dukani aliniamkia kwa heshima, lakini nilipoigusa ile ndogo akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya wanaojifunza, mzee. Sensa yake imekatwa. Ni nusu kamera." Nilishangaa, maana sensa niijuayo mimi ni ya watu, mwaka 1988 nilipita nyumba kwa nyumba nikihesabu. Akanifafanulia kuwa ni kile kibao kilichomo ndani ya kamera kinachopokea mwanga badala ya filamu. Mimi nimeamua kukiita kihisi.

Neno lililonichoma ni "nusu". Elimu yangu ni ya chuo cha ualimu, si ya chuo kikuu. Zamani, katika ofisi moja nilikoitwa kwa mahojiano, mtu alisema nami nikisikia, "Huyu ni wa cheti tu." Basi nikatoka dukani mikono mitupu, nikarudi nyumbani kuhakikisha nusu hiyo ni nusu ya nini.

Nilifanya kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Nilichukua karatasi ngumu nikakata madirisha mawili. La kwanza milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya ile filamu ya milimita 35 tuliyoizoea. Huo ndio ukubwa unaoitwa kamili. La pili milimita 22.3 kwa 14.8, ukubwa wa kihisi cha Canon EOS R7, kamera iliyotoka mwaka 2022. Nikayaweka kwa zamu juu ya picha ya kalenda iliyokuwa na twiga mdogo katikati. Katika dirisha kubwa nikaona twiga, mgunga na anga. Katika dogo nikaona twiga peke yake. Twiga hakukua wala hakusogea. Zilizoondoka ni pembezoni. Lakini ukizichapa picha zote mbili kwa ukubwa mmoja, twiga wa dirisha dogo huwa mkubwa mara 1.6. Ndiyo sababu lenzi ya milimita 400 katika kihisi hicho huona eneo ambalo kihisi kikubwa kingelihitajia lenzi ya 640.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kilichovuja hapa ni zile pembezoni ambazo mpiga picha za wanyama angezikata mwenyewe baadaye. Na nafuu yenyewe hupimika kwa mizani: kamera hiyo, pamoja na betri na kadi, ni gramu 612, lenzi yake ya milimita 100 hadi 400 ni gramu 635. Jumla ni kilo moja na robo. Haina kile kioo cha kamera za zamani kinachoruka kila unapobonyeza, hivyo ukitaka hupiga kimya kabisa. Tena hulitafuta yenyewe jicho la ndege au mnyama na kulifuata, jambo ambalo macho yangu yamechoka kulifanya.

Lakini nisikufiche, ndugu msomaji: pakacha likivuja, kuna kilichomwagika. Eneo la kihisi hicho ni kama asilimia 38 tu ya kile kikubwa, na lenzi yangu ikifika milimita 400 haifunguki kupita f/8. Kwa hiyo alfajiri, wakati simba wangali wanatembea, picha hujaa chengachenga. Ile njia ya kimya nayo husoma kihisi mstari baada ya mstari. Yangeyange wangu wa kwanza alitoka na mbawa zilizopinda. Siku hizi ndege anayeruka nampiga kwa shata ya kawaida, nayo kelele yake naivumilia. Anayewinda picha za gizagiza, au anayekula kwa kazi hiyo, atafute kihisi kikubwa, na bega la kukibeba.

Fedha nilizokuwa nazo zilikuwa za bati. Mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, masika yakija utaikinga kamera au utanikinga mimi?" Alikuwa na haki. Tukaezeka upya upande mmoja wa nyumba, nikangoja miezi minane, kisha nikanunua kamera iliyokwisha kutumika. Upande wa pili wa paa bado unavuja, na kuvuja huko si nafuu kwa mtu yeyote.

Mwaka jana nilipeleka picha kumi na mbili shuleni. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alisimama muda mrefu mbele ya tembo na mwanawe.

"Mwalimu, huyu ndiye anayekula mahindi yetu?"

"Ndiye."

Akasogea karibu zaidi. "Kumbe ana kope," akasema, "ndefu kama za ng'ombe wetu."

Hakusema kwamba amemsamehe, wala mimi sikumwuliza.