Kanda namba saba

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwahadithia kosa langu mwenyewe, maana limeninyima usingizi majuma mawili, na huenda kuna mwenzangu mahali fulani anafanya vile vile sasa hivi bila kujua.

Kazi yangu ni kuandika programu, na mmoja wa wateja wangu ni chama cha akiba na mikopo hapa Mtwapa. Wanachama ni akina mama wa sokoni, wavuvi, na madereva wa matatu za Mombasa. Nilipowatengenezea programu ya mikopo niliahidi pia kuwatunzia nakala za akiba. Baadhi ya watafsiri wa programu huita nakala hizo chelezo, na mimi nalipenda neno hilo. Kwa mvuvi, chelezo ni kile kitu kinachoelea juu ya maji kukuonyesha nanga yako iko wapi.

Mtacheka nikisema nakala hizo naziweka kwenye kanda za sumaku. Chekeni tu. Mtambo wa LTO-3 uliokwisha kutumika niliupata kwa bei nafuu, kanda moja inabeba gigabaiti 400, na kanda iliyo kabatini haifikiwi na kirusi wala na mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Hata Google, Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, walizirudisha kutoka kwenye kanda. Kwa hivyo sioni haya.

Programu ninayotumia ni Bacula. Kuna sehemu moja inayotoa amri, sehemu nyingine imekaa kwenye kila kompyuta ikituma faili kupitia mtandao wa ofisi, na ya tatu inaandika kwenye kanda. Kando yake kuna katalogi inayokumbuka faili gani iko kwenye kanda gani. Jumapili tunanakili kila kitu, siku nyingine tunanakili yaliyobadilika tu. Kila usiku kanda yake.

Basi kanda namba saba, ya Jumanne, ikaanza matata. Bacula ikishindwa kuandika haifi kimya. Inaitia kanda alama ya kosa, inaacha kuiandikia, na inaomba kanda nyingine. Asubuhi dada wa kaunta akanipigia simu: "Kaka, mashine yako inataka kanda, nami sijui niipe ipi."

Nami nilikuwa na haraka. Nikaingia kwa mbali, nikaifuta kanda ile kwenye katalogi, nikairudisha mwanzo kwa amri ya mt, nikaandika alama ya mwisho wa faili pale mwanzoni, kisha nikaipa lebo upya kwa jina lile lile. Kwa kompyuta ilikuwa sasa kanda mpya kabisa. Kazi ikapita. Juma lililofuata kosa likarudi, nikafanya vile vile. La tatu pia. Mara ya nne haikulalamika, ila kazi ya dakika 20 ilichukua karibu saa nzima, nami nikafurahi kwamba "imepona".

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mtambo wa LTO una vichwa vya kusoma nyuma ya vichwa vya kuandika. Kila kipande cha data kinasomwa papo hapo, na kikiwa kibaya kinaandikwa tena mbele kidogo. Kanda mbovu basi inaweza kumaliza kazi bila kosa hata moja kwenye ripoti, huku ndani inahangaika kurudia na kurudia. Ile saa nzima ilikuwa ndiyo kilio chenyewe.

Siku iliyofuata, Jumatano, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, na betri ya UPS ilikuwa imechoka. Diski ya seva haikuamka. Sikuwa na wasiwasi sana. Nikanunua diski mpya, nikarudisha kanda ya Jumapili, safi. Ya Jumatatu, safi. Namba saba ikasoma kidogo, ikakwama, ikasoma, ikakwama, ikafa.

Jumanne ile ndiyo siku ambayo wanachama wengi walikuja kulipa. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amemaliza mkopo wake wote, na sasa kompyuta inamwonyesha bado anadaiwa. Alikuja na risiti yake imekunjwa ndani ya leso. Hakugomba. Aliiweka mezani tu, akangoja.

Kwa siku mbili tulikaa na dada wa kaunta tukiingiza upya kila malipo, yeye akisoma risiti na ujumbe wa M-Pesa, mimi nikichapa. Mwenyekiti, mzee wa makamo ya baba yangu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo kanda ilikuambia mara ngapi kwamba ni mgonjwa?"

"Mara tatu, mzee."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Baadaye niliifungua ile kanda. Ukingo wa utepe ulikuwa umekunjamana kwa mita kadhaa. Utepe wa LTO-3 una urefu wa mita 680 na upana wa nusu inchi, na ndani ya upana huo mna njia 704 za data. Mtambo unaandika kutoka mwanzo hadi mwisho, unageuka, unarudi, na hata ukijaza kanda nzima unapita mara 44. Mkunjo ukiwa mahali pamoja, kila safari unaukanyaga, na kila safari unazidi kuuharibu. Kuipa lebo mpya hakunyooshi utepe.

Na hewa yetu haisaidii. Kanda za kuhifadhiwa muda mrefu zinataka unyevu usiozidi asilimia 50, hali huku kando ya hori la Mtwapa hata chumvi ya jikoni inagandamana. Nilikuwa nikizitoa chumba chenye kiyoyozi, nazitia mfukoni, napanda tuktuk, kisha nazirudisha kesho yake na kuzitumia mara moja. Sasa zinasafiri ndani ya sanduku lililofungwa barabara, na zikifika zinapumzika siku nzima kwanza.

Kosa likitokea siku hizi, kwanza nauliza: je, linafuata kanda au linafuata mtambo? Kanda tatu tofauti zikigoma, kichwa ni kichafu, naingiza kanda ya kusafishia. Ikigoma moja tu, naendesha tapeinfo. Alama namba 20 ni mtambo kuomba kusafishwa, namba 4 ni kanda yenyewe mbovu, namba 7 ni kanda iliyozeeka. Kanda mbovu siifuti tena kwenye katalogi, maana ukifanya hivyo unapoteza pia kumbukumbu ya kilichomo. Naifunga isiandikwe, nanakili upya kila kitu kwenye kanda nzima, na hiyo nyingine nikiisha kuhakikisha nakala inasomeka ndipo naikata kwa mkasi.

Na kila Ijumaa jioni narudisha faili moja, nachagua bila mpango, nailinganisha na ile ya asili. Ijumaa iliyopita dada wa kaunta ndiye aliyechagua. Alitaka daftari la yule mama wa samaki. Likafunguka, deni sifuri.