Dawa Isiyomezwa

Mke wangu alipofariki, nyumba yetu hapa Naliendele ilijaa watu. Walipika, wakasoma dua, wakalala mikekani. Kisha matanga yakaanuliwa, arobaini ikapita, na kila mtu akarudi kwenye mikorosho yake. Nikabaki na kiti kitupu na usiku mrefu.

Nilikwenda zahanati moja mara mbili: kwanza kwa kuumwa kichwa, kisha kwa kukosa usingizi. Mara zote nilipewa vidonge, navyo havikugusa kilichokuwa kikiniuma. Mara ya tatu nilipokewa na muuguzi wa makamo. Alifunga daftari, akavuta kiti karibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama ametutoka lini?"

Nilimjibu, naye akanyamaza akisubiri. Mimi niliyezoea kunyamazisha darasa kwa kugonga meza, nilishindwa kumaliza sentensi ya pili.

Siku hiyo sikuandikiwa kidonge. Aliniuliza, katika yote yaliyonielemea, ni lipi dogo ambalo ningeweza kulianza kesho yake. Nikataja palizi, maana shamba lilikuwa limezongwa na majani tangu msiba. "Basi palilia mikorosho miwili tu," akasema, "na Alhamisi uje uniambie." Nilikwenda Alhamisi ile, na nyingine tano.

Baadaye, katika kusoma, niligundua kwamba njia ile inafahamika kwingine. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, alianza kazi na akina bibi 14. Walifundishwa kumsikiliza mtu kwenye benchi nje ya zahanati, na kumsaidia achague tatizo moja la kulishughulikia. Hawakumwita mgonjwa kwa jina la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi husema tu, "ana mawazo." Matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati za Harare yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya kila 100 waliokaa na bibi hao. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50.

Uganda nako, mwaka 2002, wanavijiji wa Masaka na Rakai walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari. Wengi walipata nafuu. Hapa kwetu, katika miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro zilifanyiwa majaribio ya kupeleka huduma ya akili hadi zahanati za vijijini. Kwa hiyo wazo hili si geni.

Sisemi vidonge vitupwe. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti zisizokuwapo, anahitaji dawa, tena bila kukatiza. Lakini huzuni ya mjane, au ya mkulima ambaye korosho zake zimeharibiwa na ubwiri unga huku ana deni dukani, haiponi kwa kumeza peke yake.

Nina sababu nyingine ya kuandika haya. Nilipokuwa mkuu wa shule, nilikuwa na mwalimu kijana aliyefiwa na mtoto. Akaanza kuchelewa, kisha kutofika kabisa. Nilimwandikia barua tatu za onyo, kwa mwandiko mzuri. Chuo cha ualimu kilinifundisha saikolojia ya mtoto, nami nikafaulu vizuri. Hata hivyo sikumwuliza kijana yule, hata siku moja, "Unalalaje?" Aliacha kazi, na sikujua alikoelekea. Siku ile mbele ya muuguzi, nilimkumbuka yeye kabla ya kumaliza kumlilia mke wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila anayeficha huenda hajapata wa kumwambia. Kila zahanati yetu ina benchi ambapo watu husubiri kwa saa nyingi. Apatikane mtu mmoja aliyefundishwa kusikiliza, akae hapo, naye asiwe na haraka.

Mikorosho yangu yote sasa imepaliliwa. Kile kiti bado kipo, na jirani akija jioni, humkaribisha akikalie.