Mtoto anapoizidi hesabu ya darasa lake

Mzazi akiitwa shuleni hutarajia kuambiwa mtoto hajui. Mama mmoja wa Msimbati, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini, aliitwa kwa sababu binti yake wa darasa la nne anajua mno. Humaliza zoezi la hesabu wenzake wakiwa swali la pili, kisha huanza kuwasumbua.

Baba alitaka arushwe hadi darasa la sita. Shangazi aliyeko Mtwara mjini alijitolea kukaa naye ili apate tuisheni. Mama alisita.

"Baba, huyu ana miaka tisa," alimwambia mumewe. "Tumtoe nyumbani akazidishiwe maswali yaleyale?"

Tuisheni ya kijijini walikuwa wameshaijaribu wiki tatu. Maswali yaliongezeka, ugumu ulibaki palepale. Hapo ndipo fedha za wazazi wengi hupotea. Mtoto aliyekwishaelewa kugawanya hahitaji maswali hamsini ya kugawanya; anahitaji moja litakalomkwamisha.

Swali hilo lilitoka kwa jirani yao, mwalimu wa sekondari, msimu wa korosho. "Una mizani ya sahani mbili na mawe manne. Chagua uzito wa kila jiwe, uweze kupima kila kilo kuanzia 1 hadi 40." Kisha akamgeukia mama: "Tafadhali, usimsaidie."

Binti alijibu papo hapo: 1, 2, 4 na 8. Alipojumlisha, akaishia kilo 15. Siku tatu alikwama. Alilia, akatupa daftari, na baba akasema mtoto anateswa. Mama alinyamaza, ingawa roho ilimuuma.

Siku ya nne binti akang'amua kuwa jiwe linaweza kukaa hata upande wa mzigo. Jiwe la kilo 3 huku, la kilo 1 kule pamoja na mzigo, na mzigo huo ni kilo 2. Jioni alikuwa na jibu: 1, 3, 9 na 27. Alikimbia kwa mwalimu bila viatu.

Tangu hapo hupewa swali moja kila Jumamosi, na lazima aeleze njia aliyopita. Darasani, akimaliza zoezi, mwalimu wake humruhusu kuendelea nalo kimyakimya. Wenzake wamepumua.

Safari bado ndefu. Shule za serikali za wanafunzi wenye vipaji, kama Kilakala ya Morogoro na Msalato ya Dodoma kwa wasichana, huchukua waliofaulu vizuri sana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na zote mbili ziko mbali na Mtwara. Baba ameanza kuweka akiba ya nauli kila anapouza korosho.

Mama ana hesabu yake. "Asiyewahi kukwama nyumbani," anasema, "atakwama mara ya kwanza ugenini, na huko hana wa kumfuta machozi."