Siku ya kwanza kupigwa picha za chumbani, Mji Mkongwe

Mama aliponiuliza naenda Unguja kufanya nini, nikamwambia naenda kupiga picha. Akalitazama begi langu dogo, kisha akauliza tena: "Picha gani hizo zisizotaka mume wala mtoto?" Nikacheka, sikujibu. Nilimwachia mjukuu wake wa miezi 11 na maziwa niliyokamua usiku kwenye friji, nikawahi boti ya asubuhi.

Niseme ukweli wangu mapema. Naandika habari za afya. Nimekaa na wakunga na madaktari wa wodi za wazazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ukinishtua usingizini naweza kukueleza upasuaji wa uzazi hatua kwa hatua. Lakini tangu nilipojifungua kwa upasuaji huo, kwangu nilikuwa naoga taa imezimwa. Kovu langu nilikuwa nalijua kwa vidole tu. Rafiki yangu mmoja aliyepiga picha hizi kabla ya kuolewa ndiye aliyenishauri, na mume wangu nilipomweleza aliuliza swali moja tu, zitakaa wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko nilivyodhani, nitalirudia.

Wapiga picha huziita boudoir, neno la Kifaransa linalotokana na kitenzi chenye maana ya kununa. Kwa asili kilikuwa chumba cha mwanamke cha kujitenga na wageni, cha kununia kama alitaka. Leo ni picha za mtu akiwa katika nguo za ndani, nguo ya kulalia, kanga au shuka, zinazopigwa chumbani kwa ajili yake mwenyewe au mwenzi wake. Si lazima avue kila kitu. Na kwa mtu wa pwani, sidhani kama wazo lenyewe ni geni sana. Kabla simu hazijawa na kamera, bibi harusi wa huku alifungiwa ndani, akasuguliwa singo, akapakwa hina, akafukizwa udi, na somo wake akamfundisha yasiyosemwa barazani. Kilichoongezeka ni kamera, na kamera ndiyo inayotakiwa kuogopwa kwa kiasi chake.

Boti ilichukua takribani saa mbili. Kutoka bandarini Malindi nilitembea kwa miguu, bahari kuliani, nikalipita Jumba la Maajabu ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nikakatiza Forodhani hadi Shangani. Barabara ya Kenyatta ina studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Capital Art Studio, yenye picha za zamani za nyeusi na nyeupe. Nilisimama pale kidogo kuvuta muda. Nyuso zote kwenye zile picha zimekaa kwa heshima zake, mabega sawa, na mimi nilikuwa njiani kwenda kulala kitandani mbele ya mtu nisiyemjua.

Nyumba niliyoelekezwa iko ndani ya vichochoro. Mpiga picha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hukodi chumba cha juu kwa bibi mmoja mwenye nyumba. Ngazi ni zile za Mji Mkongwe, za kupanda huku umeshika ukuta. Juu kuna dari ya boriti, samadari la mbao lenye chandarua kilichofungwa pembeni, na madirisha mawili ya mbao. Nilitegemea mataa makubwa na miavuli. Hapakuwa na taa hata moja. Mtaa ni mwembamba, jua haliingii moja kwa moja, linagonga ukuta mweupe wa nyumba ya pili na kurudi ndani likiwa limepoa. Mwanga huo, alisema, haumwoneshi mtu vibaya. Umeme ulipokatika saa tano hatukupoteza chochote isipokuwa feni.

Hatukuanza na picha. Tulianza na karatasi, na kama kuna jambo moja ninaloomba msomaji alishike, ni hili. Tulikaa karibu nusu saa tunazungumza: nani ataingia chumbani (yeye peke yake, na bibi akihitajika), nini sitaki kionekane, picha zitahaririwa wapi, atakaa nazo muda gani, ataniletea vipi. Palikuwa na mstari unaompa ruhusa ya kuzitumia kujitangaza, hata bila sura. Nikaukata kwa kalamu. Hakununa. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka kama angenuna, maana namfahamu dada mmoja aliyekuta picha zake za ujauzito kwenye ukurasa wa biashara wa mpiga picha wa Dar es Salaam bila kuulizwa. Aliyemwonesha alikuwa mfanyakazi mwenzake.

Maandalizi ya mwili nilikuwa nimeambiwa kwa ujumbe wiki moja kabla, na mengine nayaongezea kwa taaluma yangu. Njoo umevaa dera au gauni pana, bila sidiria ya kubana, kwa sababu alama za lastiki huchukua muda mrefu kufutika kwenye ngozi. Usinyoe asubuhi hiyohiyo, utapata vipele. Usijaribu singo mpya wala krimu mpya siku mbili za mwisho. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayochanganywa kwenye michoro ya mikono, iache kabisa. Ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha alama za kudumu. Krimu za kung'arisha sina haja ya kuzirudia, nimeshaandika hapa mpaka nimechoka. Kula kabla ya kwenda. Mimi sikula, kwa kudhani tumbo litapungua, matokeo yake nikaanza kutetemeka saa nne na nusu na kulishwa mkate wa ufuta na bibi mwenye nyumba.

Kama umejifungua karibuni, subiri. Wiki sita za mwanzo mwili bado unarudi mahali pake, damu bado inaweza kutoka, na mshono wa upasuaji haustahili kujikunja kwa ajili ya picha. Kovu lenyewe huendelea kubadilika kwa mwaka na zaidi: huanza jekundu au jeusi sana, linawasha, halafu hulainika. Ganzi kuzunguka kovu ni ya kawaida kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Likivimba na kuvuka mipaka ya mshono, hiyo inaweza kuwa keloidi, nenda hospitali, yana matibabu. Na mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, asiyejisikia chochote kwa mtoto wake, huyo anamhitaji daktari. Picha nzuri hazitamsaidia.

Picha zenyewe zilianza vibaya. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la mume wangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. "Hizi 30 za mwanzo ni za kutupa," alisema, "kwa hiyo usihangaike nazo." Kila alipotaka kunigusa aliomba: naomba nisogeze bega, naomba nishike nywele. Maelekezo yake yalikuwa madogo madogo. Toa pumzi. Legeza mdomo. Vidole usivikaze. Kidevu mbele kidogo, kama unataka kusikia kinachosemwa chumba cha pili. Nilishangaa jinsi ilivyo kazi. Siku ya pili mgongo uliniuma kama niliyelima. Muuza kahawa alipita chini akigonga vikombe na wote wawili tukacheka, na nadhani picha ya kwanza inayofaa ni ile. Ilipoadhiniwa adhuhuri aliweka kamera chini, akanifunika kanga, tukakaa kimya hadi ikaisha.

Bibi alipanda na chetezo cha udi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanitazama kifuani. "Maziwa yanakutoka, mwanangu. Mtoto umemwacha na nani?" Shati lilikuwa limelowa pande zote mbili. Nilitaka kufa kwa aibu, naye akanielekeza chooni kukamua kana kwamba ni jambo la kila siku mle ndani, na pengine ni hivyo. Mama anayenyonyesha abebe nguo ya pili na kitambaa.

Baada ya hapo tukafika kwenye kovu. Mpiga picha hakulitaja yeye. Mimi ndiye niliyesema nataka moja nikiwa na kanga iliyoshushwa kiunoni, kisha nikabadili mawazo, kisha nikasema tena ndiyo. Akasubiri. Alipiga kama mara nne hivi, akanigeuzia kamera nione. Niliona mstari mwembamba mweusi, umepinda kidogo kushoto, kama tabasamu la mtu asiye na hakika. Nilikuwa nimejijengea picha ya kitu kikubwa zaidi. Nikalia kidogo, hata sijui kwa nini, akaniletea maji.

Maagizo yangu ya kuhariri yalikuwa mafupi: chunusi futa, kovu acha, tumbo usilipunguze.

Sasa lile swali la mume wangu. Tulikubaliana nizipokee kwa flashi, mkononi, zisipite WhatsApp. Yeye abaki na nakala siku 30 ya tahadhari, kisha afute na anijulishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki juu ya taarifa zinazokuhusu, pamoja na kudai zifutwe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kusambaza picha za ngono mtandaoni kuwa kosa. Lakini sheria huja baada ya picha kusambaa. Angalia kwanza nyumbani. Simu nyingi hupandisha picha zote mtandaoni zenyewe, na akaunti hiyohiyo unaweza kuikuta imefunguliwa kwenye runinga ya sebuleni. Simu anayochezea mtoto si mahali pake. Na kama kuna mtu anakushinikiza umpigie picha hizi ndipo aamini unampenda, usipige. Picha iliyopigwa kwa shinikizo ndiyo inayogeuzwa fimbo mapenzi yakiisha, na wanaokuja kunisimulia hayo ni wengi kuliko wanaokwenda polisi.

Nilirudi Dar kwa boti ya jioni, matiti yamejaa kama mawe. Wiki tatu baadaye flashi ikafika. Mume wangu alizitazama zote polepole, akasema lile shati sasa ni langu.

Mama nilimwonesha moja tu, ile ya kanga kiunoni, baada ya kufikiri siku mbili. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa upasuaji, na kovu lake, la kushuka kutoka kitovuni kama walivyokuwa wakikata zamani, sijawahi kuliona. Alivaa miwani. Alitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akaipunguza, akanirudishia kompyuta na kwenda jikoni. Nikajua nimekosea.

Akarudi na chai. "Huyo mpiga picha," akasema, "watu wazima anawapiga?"