Kufufua Vichwa vya Treni vya Umeme vya Zamani

Kichwa cha treni cha umeme kilichosimama miaka mingi huharibikia ndani zaidi kuliko nje. Kutu ya bodi hukwanguliwa, rangi ikapakwa. Kazi hasa iko kwenye mota na transfoma. Koili za zamani zilikingwa kwa pamba, mika na vanishi. Kinga hiyo ikizeeka hupasuka, ikinyonya unyevu huvujisha umeme kwenye bodi. Ndiyo maana fundi huanza kwa kupima insulesheni, yaani kinga hiyo, na majibu yakiwa mabaya, mota hukaushwa kwenye tanuri au husukwa upya. Kisha huja komyuteta, silinda ya vipande vya shaba ambayo kaboni brashi huikandamiza. Kipande kimoja kikiinuka kwa unene wa unywele tu, brashi hurukaruka, cheche hutoka na shaba huungua.

Marekani ilitengeneza vichwa 139 vya aina ya GG1 kati ya 1934 na 1943, na vya mwisho vilistaafu 1983. Kadhaa vimehifadhiwa kwenye makumbusho, lakini hakuna hata kimoja kinachotembea. Transfoma zake zilijazwa kipoozi chenye PCB, kemikali ya sumu, na fremu zake zilipata nyufa. Kuvirudisha relini kungedai transfoma mpya na fremu za kuungwa upya, gharama ambayo makumbusho hayawezi kuibeba.

Uswisi ina nafuu. Reli zake kuu bado zinatumia umeme wa volti 15,000, kama zilipoanza kupitisha vichwa vya "Krokodil" vilivyojengwa kuanzia 1919. Taasisi ya SBB Historic imekitunza kimoja, namba 14253, kikiwa kizima cha kutembea.

Afrika Mashariki, uzoefu wa kufufua ni wa mvuke. Kichwa namba 5918, Mount Gelai, cha Makumbusho ya Reli Nairobi, kilichoundwa Manchester miaka ya 1950, kiliwahi kufufuliwa kikatembea tena. Boila ni kazi nzito na ya hatari, ila ni kazi ya chuma, na fundi hodari anaweza kukichonga kipuri kilichokosekana.

Vichwa vya umeme vya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, vilivyoanza kubeba abiria 2024 kwa umeme wa volti 25,000, ni vigumu zaidi kuvirithi: vinaongozwa na kadi za elektroniki na programu za kompyuta, vitu visivyochongeka karakanani. Shirika la Reli Tanzania lihifadhi michoro, nakala za programu na kadi za akiba tangu sasa, kabla watengenezaji hawajaacha kuziuza.