Twende Karatu, lakini tuchungulie chini ya daraja

Mtoto wa mjini ukimtajia Ngorongoro, akili yake inaruka moja kwa moja kwa simba na faru. Anapanga miwani, kofia na mapozi ya kupigia picha ukingoni mwa kreta. Njia itakayomfikisha huko? Hiyo haimhusu! Mwenzenu nina ugonjwa wangu: nikisafiri naangalia madaraja.

Na safari ya Karatu ina mambo. Ukitokea Dar unavuka Wami kabla usingizi wa basi haujakolea. Daraja la zamani pale lilijengwa mwaka 1959, mwaka uleule Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti ikawa hifadhi ya peke yake. Lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu. Jipya, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, lilianza kutumika mwaka 2022. Wakati wote wa ujenzi mabasi na malori yaliendelea kupita kwenye lile kuukuu, maana barabara kuu haifungwi miaka eti mafundi wako kazini!

Sasa daraja linasimamaje kwenye tope la mto? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupigilia nguzo ardhini, za chuma au za zege, kwa nyundo ya tani kadhaa. Du! Du! Du! Mhandisi kasimama na daftari, anahesabu mapigo. Mwanzoni nguzo inazama kama kisu kwenye papai. Ikifika mahali inapigwa weee na haisogei hata nusu kidole, anajua imekita penye ugumu. Njia ya pili ni kuchimba shimo refu, kutumbukiza nondo zilizosukwa, halafu kumwaga zege.

Kabla ya yote hayo kuna vitu vya muda: barabara ya mchepuko, jukwaa la chuma la kusimamishia kreni juu ya maji, kuta za chuma za kuzuia mto wakati msingi unajengwa, na mbao za kushikilia zege mpaka likomae. Siku ya kukata utepe vyote vimeshang'olewa, hakuna anayevikumbuka. Lakini mvua ikija, hivyo ndivyo inavyoanza navyo. Waulize abiria wa Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga. Aprili 2025 njia ikakatika tena hukohuko, daraja jipya likiwa bado linajengwa. Watu wakalala barabarani!

Turudi kaskazini. Kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare ni kilomita 77, lami iliyowekwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katikati kuna Mto wa Mbu, mji uliokaa miguuni pa ukuta wa Bonde la Ufa. Maji ya milimani yanashukia hapo, yanapita chini ya barabara yakielekea Ziwa Manyara. Ukishapanda ukuta unaingia Karatu ya udongo mwekundu, na masika mifereji inatiririka rangi hiyohiyo. Hiyo ni ardhi inahama, jamani! Na daraja haliui uzee peke yake. Maji huchimba taratibu pale miguu yake iliposimama, huku juu lami inang'aa na wewe unapita unasinzia.

Likikatika, nani ataumia? Mtalii ana ndege ndogo za kiwanja cha Manyara, kule juu ya ukuta. Anapanda, anapunga mkono, kwaheri. Mama mwenye magunia ya vitunguu vya Mang'ola hana ndege. Mpishi wa hoteli aliyekwenda likizo kwao hana. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya Arusha ndiyo kabisa. Kwao kalavati moja kuziba ni habari ya njaa au ya msiba.

Kwa hiyo, washikaji, nendeni kreta mkapige picha zenu, pazuri mno! Ila mkisimamishwa kwenye mchepuko na kijana mwenye bendera nyekundu, vumbi limemjaa mpaka kope, msimpigie makelele dereva ampite. Shukeni, nyoosheni miguu, mchungulie chini. Hapo ndipo safari yenu ilipobebwa.