Vijiti vya Pweza: Safari Yangu ya Kwanza La Voulte

Bibi yangu alinifundisha kuchokoa pweza kabla sijajua kuandika jina langu. Bahari ikipwa siku za bamvua tulikwenda mwambani na vijiti vyetu, na kila mara alinikumbusha neno moja: pweza usimtafute kwa rangi, maana rangi yake hugeuka, tafuta mlango wa nyumba yake. Neno hilo niliondoka nalo Unguja nilipofunga safari yangu ya kwanza ya Ulaya, baada ya miaka 11 ya kufundisha baiolojia. Warsha ya walimu ilikuwa Lyon, lakini roho yangu ilikuwa kwenye mji mdogo ulio kusini zaidi, La Voulte-sur-Rhône.

Siku ya mapumziko nilipanda treni ya alfajiri hadi Valence, kisha basi. Tulipita bustani za matunda, mto Rhône ukionekana na kupotea, mpaka mji ukatokea: nyumba zimepanda kilima, na kasri kileleni. Chini yamebaki magofu ya matanuri ya karne ya 19, yaliyoyeyusha chuma kilichochimbwa palepale.

Chuma hicho ndicho kilichonileta. Miaka milioni 164 hivi iliyopita, hapa palikuwa bahari. Wataalamu wanakadiria kwamba maji yake yalizidi kina cha mita 200. Kiumbe laini akifa baharini huoza upesi, na ndiyo maana visukuku vya pweza na ndugu zake ni adimu sana duniani. Wa La Voulte walizikwa katika tope laini, na madini, ya chuma yakiwemo, yakashika maumbo yao kabla hayajaharibika. Baadhi yao hawakubanwa wakawa bapa. Wamebaki wamejaa, kama waliokufa jana.

Miongoni mwao yumo Vampyronassa rhodanica, aliyepewa jina mwaka 2002. Neno la pili latokana na mto huu. Jamaa yake aliye hai ni Vampyroteuthis infernalis, yaani ngisi mnyonya damu wa kuzimu. Huyu alivuliwa na msafara wa meli ya Kijerumani Valdivia, ambayo mwaka 1899 ilitia nanga pia Dar es Salaam. Mtaalamu Carl Chun alimpa jina hilo mwaka 1903.

Jina lote limemsingizia. Hanyonyi damu, wala si ngisi. Ana minyiri minane iliyounganishwa na utando, na nyuzi mbili ndefu anazoweza kuzikunja ndani ya vifuko. Chun alimweka katika kundi la pweza. Mwaka 1939 Grace Pickford akaonyesha kwamba anastahili oda yake mwenyewe, na leo tunamjua kuwa jirani wa pweza katika mti wa ukoo, karibu nao kuliko alivyo karibu na ngisi. Anaishi kwenye kina cha mita 600 hadi 1,200, mahali penye giza na oksijeni kidogo mno, akila chembechembe za mabaki ya viumbe zinazodondoka kutoka juu. Hilo la chakula lilijulikana mwaka 2012 tu.

Nilipanda kwa miguu kuelekea kwenye makorongo ya migodi ya zamani. Udongo una wekundu wa kutu. Sikuchimba wala kuokota. Niliketi kwenye kivuli na kufungua daftari langu. Ndani yake nilikuwa nimebana ule uti mwembamba wa ngisi, unaong'aa kama plastiki, ambao mama zetu huuvuta na kuutupa wanapoandaa kitoweo. Nilitaka uwepo pale.

Maana mnyama wa kuzimu naye ana uti kama huo mgongoni, na kwa uti huo wataalamu wamemfuatilia mababu. Huko Hungaria ulipatikana wa Necroteuthis, mwenye miaka milioni 30 hivi. Ulipochunguzwa upya na matokeo kutolewa mwaka 2021, ilionekana kwamba yeye tayari aliishi kwenye vilindi vyenye oksijeni haba. Lakini Vampyronassa ana habari nyingine. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya visukuku vyake kupigwa eksirei kali sana, ndani ya jiwe, bila kuvunjwa. Minyiri yake miwili ni mirefu kuliko mingine, na vikombe vyake vya kushikia vina nguvu. Huyu alikuwa mwindaji.

Hapo ndipo niliposimama kwa mawazo. Ukoo ambao leo tunaujua kwa upole wa gizani uliwahi kuwa na wawindaji hodari. Tukimtazama huyu wa leo peke yake, tutadhani ndivyo walivyokuwa wote. Ni kosa lilelile la kumtafuta pweza kwa rangi.

Jioni, kituoni Valence, nilimpigia Bibi. Nikamwambia kwamba hata pweza wetu wa mwambani, tunayesema hana mfupa, ana vijiti viwili vidogo ndani ya nyama ya ule mfuko tunaouita kichwa, na kwamba hivyo ni masalio ya uti wa mababu zake.

Akanyamaza kidogo. "Vile vyembamba, vya huku na huku? Mjukuu wangu, nimevitoa tangu nikiwa kigori. Sikujua tu kuwa ni urithi."

Treni ikaingia. Nilipanda nikiwa nimelishika daftari kifuani. Darasa langu la kwanza nikirudi halitafanyika ubaoni. Litafanyika jikoni kwa Bibi, na yeye ndiye atakayeshika kisu.